Hakuna Dole Gumba Kabla ya Kusomewa: Maisha ya Dada Chapa

“Mpole nani? Futa hapo.”

Hayo ni maneno ya marehemu mwenyewe, tarehe 11 Agosti mwaka huu, akiwa kitanda namba sita, wodi ya wanawake, baada ya mimi mdogo wake kumsomea rasimu ya kwanza ya wasifu huu. Aliagiza uandikwe angali hai, kwa sababu hakuwahi kukubali karatasi yoyote inayomhusu mtu itoke kabla ya mwenyewe kusomewa. Nilikuwa nimeandika kwamba alikuwa mpole, mnyenyekevu, na kwamba alianzisha kituo cha kuwasomea wanawake hati kwa mikono yake miwili.

“Kwa mikono miwili!” alisema. “Na wenzangu walikuwa wamefungwa kamba, wanatazama? Halafu ile karatasi ya mama iko wapi? Mbona umeruka kutoka chuoni hadi kazini kama chura?”

Nikamjibu kwamba msibani watu hawasemi makosa ya marehemu.

“Basi msinizike,” alisema. “Niwekeni kando mpaka mpate adabu ya kusema kweli. Bila lile kosa hakuna kituo. Na bila kituo, hao wanawake mia tatu watakaokuja kukukanyagia maua yako watakuwa wamefuata nini?”

Muuguzi alicheka hadi akaangusha kipimajoto. Nikafuta. Mtakayoyasikia leo ni rasimu ya tatu, ambayo aliisikiliza yote na kuikubali, isipokuwa maneno mawili na aya za mwisho, ambazo kwa sababu mnazoziona hapa mbele yenu hakuweza kuzisikia. Jina lake kamili liko kwenye jalada. Humu ndani ataitwa alivyoitwa na watu: Dada Chapa.

Dada Chapa alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa mwashi na mkewe. Baada yake walifuata watoto wawili ambao Mungu aliwachukua wachanga, kisha nikaja mimi, miaka kumi na miwili nyuma yake, kitinda mimba. Alizaliwa katika nyumba ambayo ukuta wake mmoja ulikuwa bado haujafika juu. Baba alijenga, mama alibeba maji na kukoroga zege, tumbo likiwa mbele. Ilikuwa nyumba ya vyumba vinne na ukumbi mwembamba, mlango wa mbele rangi ya buluu, na kwenye saruji ya kizingiti palikuwa na alama ya kisigino cha mama aliyekanyaga kabla haijakauka. Baba alikataa kuirekebisha. Alisema fundi mwenzake naye ameweka sahihi. Hata hivyo, kwenye hati ya nyumba lilikuwepo jina la fundi mmoja tu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza mwaka 1970, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1974. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba walimu walimwita kuandika ubaoni wao wakiwa wameketi. Januari 1975 alijiunga na chuo cha upigaji chapa. Huko mwalimu alimfunika mikono kwa kitambaa ili asitazame herufi, na akamfundisha kanuni ambayo baadaye alikuwa akiisimulia kwa hasira: mpiga chapa akianza kuelewa anachokipiga, anapoteza maneno kumi kwa dakika. Dada Chapa hakutaka kupoteza hata moja. Alifikia maneno sitini na mbili kwa dakika, akapata cheti cha daraja la kwanza, na mama akakitundika ukumbini, juu ya kile kizingiti.

Tarehe 2 Julai mwaka huohuo baba alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Sasa tunafika kwenye karatasi. Nimeagizwa niiandike, naiandika.

Mwezi wa Novemba 1975 Dada Chapa alikuwa akifanya mazoezi katika ofisi ya mwandishi wa hati, ng’ambo ya barabara kutoka mahakama ya wilaya. Mwenye ofisi aliitwa Mzee Muhuri, kwa sababu alikuwa na mihuri kumi na moja na hakuna aliyejua kazi ya mihuri tisa kati ya hiyo. Tarehe 19, baba mdogo, yaani mdogo wake baba yetu, alifika na rasimu iliyoandikwa kwa kalamu. Alisema ni karatasi ya kufuatilia mafao ya marehemu kaka yake. Akasema hataki ipigwe na mtu mwingine, bali binti yake mwenyewe, mwenye kidole chepesi. Binti alifurahi. Alikuwa na miaka kumi na minane, na ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ukoo kumletea kazi. Aliipiga kwa dakika nne, bila kosa hata la nukta. Maneno “natoa kwa hiari yangu nyumba yenye vyumba vinne” yalipita chini ya vidole vyake kama maji yanavyopita chini ya daraja. Alidhani ni lugha ya wanasheria.

Mama hakujua kusoma. Baba mdogo alipompelekea karatasi, mama aliuliza jambo moja tu: nani kaipiga? Akaambiwa. Akajibu, “Kama imepigwa na mwanangu, nisomewe ya nini?” Akaweka dole gumba.

Tarehe 14 Februari 1976 tulitolewa ndani ya nyumba tuliyojengewa na baba. Mimi nilikuwa na miaka sita na nilibeba ndoo. Mama alibeba cheti cha daraja la kwanza. Tukahamia chumba kimoja nyuma ya gereji, ambako hata usingizi wetu ulinuka oili. Mama hakumlaumu mwanawe hata kwa jicho. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Dada Chapa alisema kama angepigwa makofi mawili angepona mapema.

Kuanzia siku hiyo Dada Chapa alikuwa na jambo moja maishani, na kila mtu aliyemjua alilijua: mama arudi kwake, na asitokee mwanamke mwingine wa kutolewa kwake kwa dole gumba ambalo halikusomewa.

Hakuacha kazi kwa Mzee Muhuri, maana tulipaswa kula. Alichoacha ni kupiga chapa akiwa kipofu. Jumatatu ya kwanza baada ya kufukuzwa kwetu alikuja mwanamke na shemeji yake, na karatasi ya shemeji. Dada Chapa aliipiga, akaitoa kwenye mashine, akaisoma kwa sauti.

“Mama, hapa umesema unamwachia huyu shamba lako lote.”

“Sijasema!” mwanamke alisema. “Nimesema alime msimu huu mmoja.”

Shemeji alitoka nje bila kuaga, na kofia yake ikabaki mezani. Mzee Muhuri alikuja juu. “Binti, unanifukuzia mteja!”

“Wateja walikuwa wawili, mzee. Mmoja yuko hapa, ameketi.”

Mzee Muhuri alimvumilia miaka mitano, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kasi yake. Mwaka 1981 uvumilivu ukakatika. Siku ya kumwachisha kazi alimkabidhi mashine kuukuu iliyokuwa ikirusha herufi A juu ya mstari, akamwambia akasomee watu mbali na ofisi yake. Alikwenda mbali hatua arobaini. Aliweka meza chini ya ngazi za nje za mahakama, akaandika kwenye ubao: HAPA HUWEKI DOLE GUMBA KABLA YA KUSOMEWA. Akanunua daftari la kurasa mia mbili, akalichora safu tatu: jina la mwanamke, karatasi gani, na baada ya kusomewa amekubali au amekataa.

Ile herufi A inayoruka ndiyo iliyomletea mume. Fundi wa mashine za ofisi alikuja kuitengeneza mara tisa katika mwaka mmoja, na mashine haikuwahi kupona. Shemeji yetu baadaye alikiri kwamba alikuwa akiilegeza mwenyewe. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984. Siku hiyo, ukumbi umejaa na njaa imepanda, bibi harusi aliikataa kalamu. Alitaka cheti cha ndoa kisomwe chote kwa sauti, pamoja na yale maandishi madogo ya nyuma. Mfungishaji ndoa alijifuta jasho. Mama mkwe akanong’ona kwa sauti iliyofika mlangoni, “Tumeoa au tumenunua kiwanja?” Bwana harusi akasema, “Someni, na mimi nilikuwa sijui yaliyomo.” Kikasomwa. Wakapeana mikono kama watu waliomaliza mkutano, wakasaini, na kwa miaka arobaini hatukusikia mmoja akidai kwamba hakuelewa alichoingia. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti ambaye ni mpima ardhi na kijana ambaye ni mwokaji wa mikate.

Kituo kilizaliwa kwa ugomvi. Mwaka 1986 wakili mmoja mwanamke, kijana bado, alishuka zile ngazi akiwa na kandambili miguuni na viatu vya kisigino mkononi. Alivivaa mbele ya hakimu tu, kwa sababu vilimbana, na ndiyo maana hadi leo anaitwa Wakili Viatu.

“Wewe ndiye uliyeniharibia mteja?” aliuliza. “Jana alikubali kusaini. Leo amekuja hapa kwako, amekataa. Umemfanyia nini?”

“Nimemsomea.”

“Umemsomea nini?”

“Ulichokiandika wewe, wakili. Keti, nikusomee na wewe.”

Akaketi. Akasomewa. Alipofika aya ya tatu alisema, “Ngoja, hapo hata mimi ningekataa.” Siku ya Alhamisi iliyofuata alirudi na chakula chake cha mchana na kiti chake. Alhamisi ya pili akaja fundi cherehani wa kona ya pili, aliyekuwa amenusurika na karatasi ya namna hiyo. Halafu mkunga aliyestaafu. Halafu mwalimu wa hesabu, ambaye alisema amechoka kuona wasichana wake wakijua kutafuta eneo la mstatili lakini wakinyang’anywa mstatili wenyewe. Hao wanne, pamoja na Dada Chapa, ndio waasisi. Aliniagiza niwaseme wote watano kwa pumzi moja, na kwamba atakayesema alikianzisha kituo peke yake, awe yeye au mwingine, ni mwongo.

Walisomea wanawake hati za mashamba, talaka, mikopo ya vikundi, mikataba ya kazi za ndani, vyeti vya watoto. Wakagundua kwamba kusoma peke yake hakutoshi. Mwanamke akishakataa, kesho yake anakuta mlango umefungwa kwa kufuli jipya, na hapo anamhitaji wakili, si msomaji. Kwa hiyo msomaji alikaa mbele, na wakili nyuma yake. Kazi ya kituo imebaki hivyo hadi leo.

Kuandikishwa kulichukua miaka miwili. Msajili alishikilia kwamba chama cha kusoma kinapaswa kwenda idara ya elimu ya watu wazima.

“Hatufundishi kusoma,” Dada Chapa alimwambia. “Tunasoma.”

“Basi ninyi ni maktaba.”

“Ukitaka tuwe maktaba, tupe vitabu. Ukitaka tuwe kanisa, tupe kengele. Sisi tunataka haki za wanawake ziandikwe kwa lugha ambayo mwenye haki anaisikia. Kuna fomu ya hiyo?”

Hakukuwa na fomu hiyo. Msajili aliwaandikisha tarehe 9 Oktoba 1991 chini ya “mengineyo”. Cheti hicho kipo, kimetundikwa mapokezini, na neno “mengineyo” limepigiwa mstari kwa wino mwekundu na mkono tunaoufahamu.

Kutoka chini ya ngazi walihamia chumba juu ya duka la magodoro. Wanawake waliosubiri zamu walikaa juu ya bidhaa, na waliotoka mbali walisinzia. Mwenye duka alipanda juu akifoka, “Mmeleta kesi au mmeleta usingizi?” Mwaka uliofuata mkewe alikuja kusomewa karatasi, na kuanzia hapo mwenye duka akawa mpole kuliko magodoro yake. Walipata ruzuku yao ya kwanza mwaka 1994 na kuajiri mawakili wawili. Wafadhili walitaka kumwita Dada Chapa mkurugenzi mtendaji. Aliuliza mkurugenzi anakaa wapi. Akaambiwa ofisini, ndani. Akasema basi huyo awe Wakili Viatu, yeye anabaki mezani mbele.

Lakini nyumba ya buluu ilikuwa bado ina watu wengine ndani. Wakili Viatu aliisoma karatasi ya mama mara tatu, akatueleza bila kupaka sukari: miaka kumi na miwili ya kudai ardhi ilikwishapita, mahakama haitatupokea. Dada Chapa aliwasomea maelfu, wakapona, na jioni alirudi kwa mama aliyekuwa bado nyuma ya gereji, kwa sababu mama alikataa kuhamia kwa mtoto yeyote. Alisema, “Nikihama hapa nitahamia kwangu.”

Mwezi wa Mei 1997 baba mdogo alifariki. Mwezi wa Septemba mwanamke mmoja aliketi mbele ya meza ya Dada Chapa. Alikuwa mke wa baba mdogo, mama yetu mdogo kwa ukoo, aliyeolewa mwaka 1978 na kuletwa moja kwa moja ndani ya nyumba ya mama yetu. Mumewe alimwachia nyumba ile. Lakini wana wawili wakubwa wa marehemu, wa mke wa kwanza, walitokea na karatasi yenye dole gumba lake, inayosema kwamba ameiacha yote kwao. Walimwambia wakati ule kwamba anaweka alama ya kumtoa mgonjwa hospitali. Sasa alikuwa amefukuzwa, na begi lake lilikuwa miguuni.

Nilikuwepo siku hiyo, nimepeleka chai. Nilisema mbele yake, na simfichi mtu: “Huyu? Aliyetundika mapazia yake ya maua kwenye madirisha ya mama? Mwache aonje. Mungu si Athumani.”

Dada Chapa aliniambia, “Weka chai, toka nje. Huyu ni mteja.”

“Ni adui!”

“Kwenye daftari langu kuna safu tatu. Ya maadui haipo.”

Hatukusemezana miezi minne. Nilimpelekea mama mashtaka, nikitumaini atamkataza. Mama alikuwa akipepeta maharage. Aliuliza, “Alisomewa?” Nikamwambia hapana. Akasema, “Basi mwacheni mwenzangu asaidiwe,” akaendelea kupepeta.

Kesi ilifika Mahakama Kuu, iliyoketi katika jengo lilelile la mahakama ya wilaya, na kusikilizwa Juni 1999. Wakili Viatu alisimama na visigino vyake. Dada Chapa aliitwa kama shahidi, akaingia na madaftari kumi na nane kwenye toroli la sokoni. Alieleza kwamba katika miaka kumi na minane, tangu ile meza ya chini ya ngazi, wamesomea wanawake elfu nne mia tatu na kumi na sita, na kati yao elfu moja mia saba na wawili, baada ya kusomewa, waliondoa dole gumba lao. Hawa wote, alisema, kama wasingesomewa, karatasi ingesema wamekubali kwa hiari.

Wakili wa upande wa pili alikuwa mjanja. Alijua pa kuchoma.

“Shahidi, wewe ni mpiga chapa. Je, umewahi kupiga hati ambayo mwenye dole gumba hakusomewa?”

Dada Chapa hakutazama chini. “Ndiyo.”

“Ya nani?”

“Ya mama yangu mzazi. Tarehe 19 Novemba 1975. Niliipiga kwa dakika nne, na ilimtoa katika nyumba hiihii tunayobishania leo. Aliweka dole kwa kuniamini mimi. Kwa hiyo wakili, ukitaka mtu wa kukueleza dole gumba lisilosomewa lina uzito gani, humpati mwingine katika jengo hili.”

Ndipo sauti ikatoka benchi la nyuma: “Mimi nilimsamehe palepale! Yeye ndiye kiziwi!” Alikuwa mama. Karani alimwambia akae kimya. Mama akamjibu kwamba amekaa kimya miaka ishirini na nne, na amemaliza.

Jaji aliandika, na maneno haya yako ukutani katika kila tawi letu: kukubali ni kazi ya akili, si ya kidole, na anayeomba alama ya mtu asiyesoma ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha kwamba alimsomea, akamwelewesha, akamjibu maswali. Karatasi ya wale vijana ikatupwa. Nyumba ikawa ya mama mdogo kisheria, na kilio cha shangwe kilipasuka pale nje kwenye ngazi, palepale ilipokuwa meza ya kwanza.

Sisi tulishangilia nusunusu, maana kanuni tulikuwa tumeishinda, lakini mama alikuwa bado nyuma ya gereji.

Tarehe 3 Agosti 1999, asubuhi, mama mdogo alikuja kituoni bila kuitwa. Alitaka kupigiwa karatasi. Dada Chapa aliweka karatasi kwenye mashine, akauliza, “Niandike nini?”

“Andika kwamba nyumba ya buluu nairudisha kwa aliyekoroga zege yake. Mimi naomba chumba kimoja cha nyuma, kama mwenyewe ataridhia.”

Wanaosema Dada Chapa hakuwahi kukosea herufi baada ya mwaka 1975 hawakuiona karatasi hiyo. Ina makosa kumi na saba. Mama aliletwa. Wakili Viatu aliisoma, kwa kuwa msomaji wetu alishindwa. Ikasomwa mara mbili, kila mmoja akaulizwa peke yake katika chumba cha pembeni kama utaratibu unavyotaka, na kila mmoja akasema: nimesomewa, nimeelewa, nakubali. Madole mawili yakakaa kwenye karatasi moja. Jioni hiyo mama alivuka kizingiti chake, akaweka kisigino juu ya kisigino, akasema kimepungua kidogo, au labda mguu ndio umenenepa. Aliishi humo miaka kumi na miwili, hadi alipofariki mwaka 2011. Yeye na mama mdogo waligombana kila siku ya Mungu kuhusu bomba la maji, na hakuna aliyekubali kula kabla mwenzake hajaketi.

Baada ya hukumu ile, kituo kilipaa. Mwaka 2004 bunge liliiingiza kanuni ya kusomewa katika sheria ya ardhi, na mwaka 2009 katika sheria ya ndoa. Leo kituo kina matawi kumi na saba, mawakili tisa wa kudumu, na wasomaji mia mbili na kumi na wawili, wengi wao wanawake waliowahi kukaa upande wa pili wa meza. Kuna wanaosoma kwa lugha ya alama. Kuna simu ambayo mwanamke anapiga, anaweka karatasi mbele ya kamera, na anasomewa akiwa amesimama shambani kwake. Madaftari yamefika mia moja na tisa. Dada Chapa alistaafu mwaka 2019, kwa maana ya kwamba aliacha kulipwa. Kuja, aliendelea kuja.

Ugonjwa wa figo uligunduliwa Machi 2022. Aliupokea kama alivyopokea kila kitu, kwa maswali. Alipoletewa fomu ya kukubali upasuaji alimwomba daktari amsomee. Daktari akasema anaijua kwa muhtasari. Dada Chapa akamwambia kwamba yeye pia anamjua kwa muhtasari, ila kisu kitaingia kwa urefu. Ikasomwa. Kitanda namba tano kikasema, “Na mimi ya kwangu.” Namba saba vilevile. Wodi hiyo sasa ina saa ya kusomewa, kila siku saa nne asubuhi, na daktari yule amekaa pale safu ya tatu, amevaa tai.

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mkono wake mmoja ukiwa kwa mumewe na mwingine kwa binti yake. Alikuwa na miaka sitini na saba. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, kituo na matawi yake yote, majirani, na wanawake mliokuja na mabasi saba. Maua yangu yamekanyagwa kweli. Kanyageni tu.

Ameacha mume, watoto wawili, mkwe mmoja, wajukuu wanne, mdogo wake mmoja ambaye ndiye mimi ninayesoma, na waasisi wenzake watatu walio hai.

Ameacha pia mama mdogo, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, aliyeketi safu ya mbele, kiti cha pili. Rasimu tatu zote alizosikia marehemu zilimwandika huyu kama “mke wa marehemu baba mdogo”, na marehemu hakunisahihisha, alinitazama tu. Yale maneno mawili, “mama mdogo”, nimeyatia humu baada ya yeye kuondoka. Tangu mwaka 1997 nimekuwa nikipita mbele yake, ukumbini kwa mama, kituoni, hospitalini, na sijampa shikamoo hata moja. Naye hajawahi kunidai. Nimepiga hesabu, nikaona haihesabiki, na mtu mwenye deni la namna hiyo hafai kusoma jina la Dada Chapa mbele ya kaburi.

Kwa hiyo mkiniona naiweka karatasi hii chini na kwenda safu ya mbele, asishtuke mtu, wasifu umekwisha. Dada yetu alale kwa amani, kazi yake imesimama wima.

Shikamoo, mama.